Salfa ya Alfajiri

Nilipaswa kukataa siku ile kampuni ya helikopta iliponiomba niende kuwaambia wabunge kwamba helikopta zake haziwasumbui wakulima wa korosho. Nilikubali, kwa kuwa nilipenda kusikilizwa na wakubwa. Wapo wanaonitetea kwamba nilidanganywa. Waache. Nilisoma hadi kidato cha nne na nilijua ninachokisema.

Sisi wa kijiji cha Ziwani hupuliza salfa, dawa ya unga ya kukinga mikorosho na ukungu, alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo umetulia, ili unga ushike. Helikopta za kwenda kwenye mitambo ya gesi baharini zilipita chini saa hizo hizo, na unga ukapeperuka. Wanakijiji waliomba sheria ya kuzizuia asubuhi za msimu wa kupuliza. Mbele ya kamati nilisema salfa inashika vizuri. Wabunge waliniamini kwa sababu nami nina mikorosho, na ombi likakataliwa.

Dada yangu, ambaye shamba lake limepakana na langu, alinisubiri njiani na ungo mkononi.

“Kaka, si umesema salfa yangu inashika? Haya, chukua ungo ukaiokote.”

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tangu hapo nawaandikia wabunge barua za kuyakana maneno yangu, hata wakichoka kuzisoma. Afisa wa kampuni alinionya, “Mzee, unajiaibisha.”

“Nilijiaibisha nilipokusikiliza wewe,” nikamjibu.

Sinyamazi. Lakini dada yangu hakuniita kaka tena, wala hakukanyaga kwangu, hadi tulipomzika. Nilimpoteza kwa maneno yale.