Ngamia wa Ukuta wa Bucha

Kila mji niliokaa nimeuachia ukuta wenye mchoro wa mkono wangu: kinyozi kule Moyale, gereji kule Marsabit. Isiolo nimeirudia mara tatu. Safari hii nilipanga chumba mtaa wa Kiwanjani, mlango kwa mlango na mama anayefulia watu nguo, na mwenye bucha wa karibu akanipa kazi ya kumchorea ngamia ukutani.

Wiki hiyo picha moja ilizunguka kwenye simu za mtaa mzima. Vijana wenye bunduki wanaswaga ngamia, na chini yake maneno: wameibwa jana Korbesa, na walioiba mnaishi nao, kisha jina la jamii yao. Jamii iliyotajwa ndiyo ya jirani yangu. Asubuhi hakuna aliyemletea nguo. Nilimkuta akifunga godoro kwa kamba.

"Unahamia wapi, mama?"

"Pahali hakuna simu."

Nikaenda kazini. Naona aibu kusema nilinakili wapi ngamia wangu: kwenye picha ileile. Yule wa mbele alikuwa amesimama vizuri, ubavu wote waonekana. Vijana niliwaacha, maana watu hunishinda. Mikono yao hutoka kama uma. Mengine yote niliyachora yalivyo, hata chapa ya moto shingoni.

Rangi haijakauka, muuza maziwa ya ngamia akasimama na mitungi yake.

"Salaam aleikum, fundi. Huyu ngamia ni wa nani?"

"Aleikum salaam. Wa bucha."

"Bucha haina chapa. Hii ni ya nani? Kutoka hapa mpaka Merti siijui."

Mwenye bucha akatoka, kisu mkononi. "Fundi! Unataka watu waseme nachinja ngamia wa wenyewe? Futa!"

Mchungaji mmoja aliyetoka soko la mifugo akainamisha kichwa, akatazama. "Huyu ni mfupi, manyoya yamejaa mabegani. Si wa huku kabisa. Ulimtoa wapi?"

Nikawaonyesha simu. Chapa ileile, shingo ileile. Basi picha haikupigwa Korbesa, wala popote huku.

"Lakini mama," mwenye bucha akamwambia muuza maziwa, "si ni wewe ulinitumia hii?"

"Ni mimi."

"Na chapa unazijua tangu utoto!"

"Nilisoma maneno," akasema. "Ngamia sikumwangalia."

Bado nalifikiria jibu hilo. Hawa ni watu wanaomjua ngamia kwa nyayo zake tu. Nami nilimchora unywele kwa unywele na sikuona kitu. Je, ningewachora na wale vijana, kuna ambaye angeitazama shingo? Sijui. Natamani kujaribu.

Muuza maziwa aliweka mitungi chini, akanifuata hadi kwa jirani yangu, akamweleza habari ya chapa. Jirani alimsikiliza akiwa ameketi juu ya godoro.

"Kwa hivyo umekuja kuniambia ni uongo?"

"Ndiyo, dada."

"Mimi nilijua jana. Mbona hukuniuliza?"

Muuza maziwa aliinama afungue kamba ya godoro. Jirani akamshika mkono.

"Hiyo iache. Ulituma kwa watu wangapi?"

"Wengi."

"Waandikie. Mmoja mmoja. Ukimaliza, nitafungua mwenyewe."

Muuza maziwa akaketi kizingitini, akapangusa vidole kwenye leso, akatoa simu, akaanza na jina la kwanza.