Gongo Lililokatika Pembeni ya Kiungo

Kaka yangu Nathanaeli alichomelea vyuma miaka kumi na tisa kwenye karakana ya reli, mpaka mwaka wa tisini na tano alipopunguzwa kazini. Akafungua kibanda hapa Itigi, jirani na mafundi wanaoziba masufuria. Hakuwajali. Kwake yeye, fundi asiye na mtungi wa gesi si fundi.

Mimi ni Febronia, mdogo wake. Mguu wangu wa kulia ulipooza utotoni, natembea kwa magongo mawili ya alumini niliyopewa na masista wa Kilimatinde. Treni ikifika nauza asali stesheni. Nisipofika, nyumbani hatuli. Soko huria limeleta madukani kila takataka isipokuwa gongo la kunitosha, kwa hiyo moja lilipokatika nilimpelekea kaka.

Alilichoma kama alivyozoea kuchoma chuma, akisubiri liwe jekundu. Alumini haikupi ishara hiyo. Hubaki nyeupe vilevile, kisha inayeyuka ghafla. Alitoboa mara mbili, akaziba, akaongeza moto. Kiungo kilitoka kinene, akakigonga kwa nyundo, akasema hicho kitadumu mpaka kinizike.

Siku ya tatu nilianguka stesheni, treni imesimama, abiria wananitazama. Chupa sita za asali zilivunjika na mkono ukavimba. Nilikuwa nimechoka hata kulia sikuweza.

Kaka alikuja mbio, akaokota gongo kabla ya kuniokota mimi.

"Kiungo changu hakijakatika," akasema. "Limekatika pembeni, angalia."

"Kwa hiyo mimi sijaanguka?"

Akashika bomba la gongo upande wa pili wa kiungo, akalikunja kwa mikono mitupu. Likakunjika kama waya. Akajaribu kule mwisho, ambako moto haukufika, akakaza mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Wapi! Akaketi chini kando yangu.

"Moto wangu ndio umelilainisha," akasema. "Nimeliharibu mwenyewe."

Kesho yake alimwamkia Mzee Anselm, mziba masufuria, shikamoo ya kwanza tangu wawe majirani, akamwonyesha gongo.

"Marahaba, mwanangu. Hapa moto weka mbali."

Walikata sehemu yote iliyolainika, wakachomeka kipande cha bomba ndani, wakakifunga kwa ribiti, misumari ya kugongwa pande zote bila moto. Kaka aliliegemea gongo lile mchana kutwa mbele ya mafundi wote, akichechemea huku na huku, nao wakicheka. Hakujali tena.

Treni iliyofuata nilikwenda stesheni. Nakiri sikuliamini gongo, wala yeye sikumwamini. Alinifuata nyuma, mikono ameitanua tayari kunidaka, kibanda amekifunga.

"Rudi kazini, kaka," nikamwambia.

"Kazi gani, Febronia? Kazi ninayoijua ndiyo iliyokuangusha."

Nilisimama pale njiani, nikainua juu gongo lisilowahi kukatika, nikaliegemea lile alilolitengeneza, hilo peke yake, kwa uzito wangu wote, ili aone.