Taa ya Mama Eseri

Kosiya, fundi redio wa Bwera, alikaa kwenye benchi uani kwa mama mkwe wake, Eseri, mjini Kasese, simu mkononi. Ndani hakuingia. Kwao mkwe haingii chumba cha kulala cha mama mkwe, hata kikiungua.

Eseri alikuwa amepoteza uwezo wa kusikia. Mto ukipiga kelele, yeye hasikii. Ndiyo maana Kosiya alimtengenezea taa: utepe wa vitaa vidogo, kila kimoja kikipokea amri yake kutoka kwenye bodi ndogo yenye WiFi. Kipimo cha maji alichokifunga juu mtoni kilituma habari. Kijani, lala. Nyekundu, toka, panda mlimani. Mwaka mzima haikumdanganya.

Utepe wa kwanza ulikufa kwa unyevu. Leo alileta mwingine kutoka soko la mpakani, na Apio, jirani, mke wa askari, akaingia kuufunga.

"Mshale wa kwenye utepe uelekee wapi?" Apio aliuliza dirishani.

"Utoke kwenye bodi. Ukigeuza, hauwaki."

"Mwanaume mzima unaogopa kitanda cha mama mzee!"

"Siogopi. Naheshimu. Sasa nawasha nyeupe."

"Iko inawaka! Nyeupe kama maziwa, mpaka mwisho."

Kosiya alitaka kujaribu na rangi nyingine, moja moja. Lakini sufuria ya Apio ilianza kunuka kuungua, naye akakimbia kwake. Kosiya akajiambia nyeupe inatosha, akaiacha hivyo hadi kipimo kitume habari mpya. Hakukumbuka kwamba nyeupe huwasha pamoja rangi zote tatu za kila kitaa, nyekundu, kijani na bluu, kwa hiyo haiwezi kuonyesha kama zimepishana.

Jioni mawingu yalijaa mlimani, ingawa mjini hakukunyesha na vumbi lilikuwa palepale. Simu ikatetemeka: nyekundu. Kosiya alisimama kutoka kwenye benchi, akasubiri mlango ufunguke. Haukufunguka. Akatazama pazia la chumba cha Eseri. Mwanga uliopita hapo ulikuwa wa kijani.

Akaelewa kosa lake. Utepe huu ulisoma kijani kwanza, nyekundu baadaye. Ule wa zamani ulianza na nyekundu. Bodi ilikuwa bado inazungumza na utepe uliokufa.

"Apio! Apio, njoo!" Apio hakutokea. Mto ukaanza kunguruma, mawe yakigongana.

Kosiya alisukuma mlango. Eseri alikuwa amejilaza, uso umeelekea taa. Alipomwona mkwe wake kizingitini alivuta shuka akajifunika, akapiga yowe. Kosiya hakuwa na ishara ya kueleza. Alimbeba na shuka lake.

Walipofika barabara ya juu, maji yalikuwa yameshaingia uani na benchi lilikuwa linaelea. Apio alikuja akihema.

"Umemshika mama mkwe! Sasa utatafuta mbuzi wa faini wa kumtuliza!"

Hakuna aliyecheka. Kosiya alifungua simu, akabadilisha mpangilio wa rangi. Chini, dirisha la Eseri likageuka jekundu, sawasawa kabisa, katika nyumba isiyo na mtu. Likawaka hivyo kidogo, kisha maji yakaifikia betri ya taa, likazimika.

Eseri aliona. Hakufunua uso. Alimvuta Apio mkono, akasema kwa ile sauti kubwa ya wasiosikia:

"Mwambie mkwe wangu, niliamka. Niliisikia ardhi ikitetemeka chini ya kitanda. Nikaangalia taa yake, nikalala tena."