Gauni la Kijani la Mkunga

Mkunga alikuwa na gauni moja tu la maana, la kijani kibichi, la mikono mirefu, lililomkaa kiunoni kama vile alizaliwa nalo. Siku alipolijaribu mbele ya kioo cha fundi alijisemea, "Basi, sitafuti tena." Hakuwa mtu wa mavazi. Kazini alivaa sare, nyumbani dera.

Ila alialikwa harusi nyingi kuliko majirani zake wote. Watoto aliowapokea enzi za usichana wake walikuwa sasa wanaoa na kuolewa, na mama zao hawakumsahau. "Wewe ndiye uliyemshika kwanza, utakosaje?" Naye alikwenda, na gauni lake, pamoja na mumewe, mwalimu wa hesabu, ndani ya suti yake ya kijivu.

Jumapili moja wifi yake, dada wa mwalimu, muuza vitambaa mwenye mdomo mwepesi, alituma picha kwenye kundi la familia. Harusi nne, gauni moja. Chini akaandika, "Wifi, tukuchangie?" Vicheko vikamiminika. Hata mama mkwe akacheka.

Mkunga alikuwa anakaanga vitunguu. Alisoma, akazima jiko, akakaa.

"Nguo ni safi, imenyooka, inanipendeza," alimwambia mumewe. "Kosa langu nini?"

Mwalimu aliichukua simu, akazikuza picha moja moja. Mara akaangua kicheko.

"Na wewe unanicheka?"

"Najicheka mwenyewe. Hebu tazama. Suti ile ile, tai ile ile. Hata doa la mchuzi lilianza harusi ya pili, na harusi ya nne bado lipo!"

Kweli, lilikuwepo. Mkunga akajikuta anatabasamu bila kutaka. "Wala hakuna aliyekuona."

"Mwanamume akirudia suti, ana suti. Mwanamke akirudia gauni, hana gauni," mwalimu alisema, akaanza kuandika majibu kwa hasira.

"Acha," Mkunga akamzuia. "Dada yako nitamwendea mwenyewe."

Kesho yake, alipotoka zamu, alipitia dukani. Wifi alikuwa anakunja kitambaa cha maua.

"Karibu wifi! Umekuja kuchagua?"

"Nimekuja kuuliza. Mimi na wewe tuna ugomvi?"

"Hata! Ule ulikuwa utani."

"Uliniuma."

Wifi aliacha kukunja. Alizoea Mkunga anayecheka na kupita, huyu hakumjua. "Nisamehe," alisema polepole. Kisha, kama mtu aliyekuwa akitafuta wa kumwambia, akaongeza, "Mimi kabati halifungi, wifi. Kuna gauni moja la zambarau, nalipenda mpaka basi. Nililivaa mara moja, likaisha. Watu wameshaliona."

"Watu gani?"

Wifi alianza kuhesabu kwa vidole, akakwama kwenye cha kwanza. "Watu tu," alisema, na wote wawili wakacheka mpaka mteja mlangoni akachungulia kujua kulikoni.

Harusi iliyofuata, wifi aliingia ukumbini na lile la zambarau, akitembea kwa wasiwasi kama mtu aliyeliiba. Hakufika mbali. Shangazi mmoja alimshika mkono.

"Hili si lile la mwaka jana?"

"Ndilo, shangazi. Nimependeza?"

Shangazi alimtazama juu mpaka chini. "Umependeza," alikiri, akaendelea na sahani yake. Ikawa imekwisha hapo. Wifi alibaki amesimama, karibu asikitike kwamba vita vyenyewe vilikuwa vidogo hivyo.

Mkunga alimvuta katikati ya wachezaji. Walicheza, wakacheza, mpaka viatu vikawashinda, wakaviacha chini ya kiti na kurudi miguu mitupu. Mwalimu aliwapigia makofi kutoka mezani, nyama mdomoni.