Mchora Vibao na Jina la Mgongoni

Mtaa wa mafundi haukumjua mtu kwa jina la kitambulisho. Jina hilo lilikaa kabatini pamoja na vyeti, likitolewa siku ya kwenda hospitali au benki, kisha likirudishwa. Jina la kutumia lilitolewa mtaani, na aliyelitoa, kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa mtu mmoja tu: mchora vibao.

Ndiye aliyemwita kinyozi Jaji, kwa kuwa kinyozi yule hakunyoa kichwa kabla ya kukihukumu. Ndiye aliyemwita fundi baiskeli Muhtasari, maana ukimuuliza tairi limepasuka wapi, anaanzia pale babu yake alipozaliwa. Muuza nyanya, ambaye akiwa peke yake aliuliza, akajibu, akapinga na kupiga kura, alimwita Kamati. Majina yalishika kama rangi ya mafuta kwenye bati. Hata binti wa Kamati, shuleni kwao, aliitwa Kamati Ndogo.

Ila yeye mwenyewe hakuwa na jina. Walimwita "fundi", basi, kama wanavyomwita yeyote mwenye nyundo. Jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mwaka fulani aliandika DHAHABU ubavuni mwa sanduku lake la rangi, kwa herufi zenye kivuli, akaliweka mahali watu walione. Wiki nzima hakuna aliyelitamka, isipokuwa Kamati, aliyemuuliza kama siku hizi anauza pete. Jaji alimshika bega akamwambia, "Fundi, kinyozi hajinyoi," na kwa kuwa aliyesema ni kinyozi, hapakuwa na rufaa.

Asubuhi moja alikuwa juu ya ngazi akimalizia kibao cha duka la vioo, mwanamke mwenye vumbi la unga kwenye nyusi akasimama chini yake. Alikuwa mwokaji mikate kutoka upande wa pili wa jiji. Alikuwa anafungua duka, na ukuta wake wa mbele, hatua thelathini kutoka pembe hadi pembe, alitaka uandikwe kwa mkono. Ameelekezwa, akasema, amtafute mchoraji anayeitwa Kinyumenyume.

Mchora vibao alicheka hadi ngazi ikatikisika. "Dada yangu, majina ya mtaa huu yote nimeyatoa mimi. Kinyumenyume hayupo. Na mtu wa jina hilo, ukuta wako ataanza kuupaka kwa ndani."

Mwokaji hakucheka. Alisema ameziona herufi za huyo mtu kwenye duka la sabuni, akajikuta amenunua miche miwili ya sabuni asiyoihitaji. Atamtafuta hadi kesho adhuhuri. Akimkosa, ataweka bango la plastiki la kuchapwa kwa mashine. Akaaga, akaenda zake.

Neno plastiki lilimchoma mchora vibao. Tangu mashine zile zifike mjini, kazi zake zilikuwa zimepungua hadi kubaki vibao vya bati, "Mbwa Mkali" na "Usikojoe Hapa". Miezi minne hakuwa amegusa ukuta. Lakini kilichomchoma zaidi ni wivu. Duka moja la sabuni alilichora yeye, ndiyo, ila maduka ya sabuni ni mengi. Ina maana kuna mchoraji mwingine mjini, mwenye herufi za kumfanya mtu anunue sabuni bila uchafu, na yeye hamjui?

Akashuka, akaanza uchunguzi. Jaji, alipoulizwa, aliona ghafla nywele za kupunguza kwenye kichwa ambacho alikwisha kukinyoa upara. Muhtasari alijibu kwa neno moja: "Simjui." Hapo ndipo mchora vibao alipopaswa kushtuka. Kamati alijifunika uso kwa kitambaa, mabega yakamtikisika, akasema ana mafua.

Jioni aliyapeleka yote nyumbani. Mkewe, fundi cherehani wa sare za shule, alikuwa anapiga pasi kola. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaisimamisha pasi.

"Baba watoto, Kinyumenyume ni wewe."

Akamweleza bila haraka. Kila akiandika herufi tatu, hurudi nyuma aitazame kazi kwa mbali, hatua kumi, kumi na tano, brashi mkononi, macho mbele, bila kugeuka. Mwaka wake wa kwanza mtaani alirudi hivyo hivyo hadi akaketi kwenye beseni la nyanya. Jina lilizaliwa siku ile.

"Lile beseni lilikuwa njiani," alisema mchora vibao.

"Lilikuwa barazani kwa mwenyewe. Ulipanda vidato viwili kinyumenyume."

Akauliza nani wanajua. Mtaa, soko, na kila kona ya jiji yenye kibao, akajibiwa. Na yeye mkewe, amejua tangu lini? Mkewe alisema alilijua jina kabla hajaijua sura. Alipokuja kumposa, shangazi yake aliogopa tu asije akaingia harusini kwa mgongo.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeanza kugeuka," mkewe alisema, akairudia kola. "Na ukianza kugeuka, herufi zitapinda."

Ukuta wa hatua thelathini ulimfuata mpaka miguuni pake, ukamwita kwa jina lake, na aliyeufukuza ni yeye. Wala hakuuliza duka liko wapi. Miaka yote hiyo alikuwa akiwachagulia wenzake majina ya kuwacheka, na nyani haoni kundule.

Asubuhi aliapa kutorudi nyuma hata unyayo. Jaji alikuwa ameomba kibao kipya, naye akakiandika pua ikigusa bati. Neno KINYOZI lilianza kwa adabu, likapanda, likanenepa, na herufi ya mwisho ikabanwa pembeni kama mgeni aliyekosa kiti.

Jaji alikitazama. "Fundi, hiki ni kibao au ni mlima?"

Hakuna aliyecheka. Mtaa mzima uliona, na mtaa mzima ukajua kwamba amejua.

Saa tano na nusu mwokaji alirudi. Amezunguka nusu ya jiji, alisema, na kila aliyemuuliza amemrudisha hapa hapa. Safari hii hakuhangaika na mchora vibao, alimwendea Kamati. Kamati, mwenye maneno ya watu watano, alikosa hata la mmoja. Akapanga nyanya zilizokwisha kupangwa. Jina la namna ile halisemwi mbele ya mwenyewe kabla hajalikubali. Ndiyo sheria ya mtaa, na aliyeitunga ni mchora vibao. Mwokaji akatazama saa, akafunga mkoba, akageuka aende.

"Ni mimi." Sauti ilitoka ndogo. Mchora vibao akakohoa. "Kinyumenyume ni mimi."

Mwokaji akakitazama kile kibao cha mlima. "Na hicho umekiandika wewe?"

"Hicho nilikiandika nimesimama pahali pamoja."

Akaomba dakika chache. Akafuta bati kwa mafuta ya taa, akachovya brashi, akaandika herufi tatu. Miguu ikaanza kumwasha. Akajikaza. Ya nne akaiona inataka kupinda, basi akajiachia: hatua moja nyuma, ya pili, ya tatu. Kwenye ya tano akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alitupa jicho juu ya bega.

Kamati alikuwa anasukuma beseni kando kwa mguu, huku akibishana na mteja, bila hata kutazama. Muhtasari alivuta gurudumu kutoka njiani katikati ya hadithi, babu yake akiwa bado hajaoa. Jaji alishika benchi upande mmoja, mteja mwenye povu kichwani akashika wa pili, wakalihamisha kimyakimya. Walifanya kama watu wanaofukuza nzi. Miaka ishirini na miwili mtaa ulikuwa ukifunguka nyuma yake na kujifunga tena, na yeye akidhani barabara ni pana.

Wahenga walisema akupaye kisogo si mwenzio. Wahenga hawakuwahi kuchora kibao.

Akarudisha macho mbele upesi, asionekane ameona. Herufi zilikuwa zimenyooka. Mwokaji alimuuliza kama anaweza kuanza Jumatatu, na mchora vibao akamuuliza mbele ya ukuta wake kuna nini.

"Mfereji wa maji machafu."

"Hatua ngapi kutoka ukutani?" aliuliza Kamati.

"Kama kumi na mbili."

"Basi utatakiwa ubao wa kufunika," alisema Jaji. Muhtasari akasema ubao anao, mzuri, na historia yake ilianza na babu yake.

Mchora vibao hakugeuka. Alirudi nyuma hatua nyingine.