Koili za Mama kwenye Zahanati ya Zombe

Harufu ya risasi ya kulehemu ikiyeyushwa juu ya waya wa shaba hunirudisha Zombe, msimu ule wa mvua ambapo upepo uliangusha mlingoti mmoja ulioshikilia antena ya zahanati. Simu hazikuwa zimefika kwetu. Redio ya zahanati ndiyo iliyoita ambulensi kutoka Kitui, na antena yake ndefu sasa ilipata nafasi ya kutandazwa nusu tu. Sista Kalondu, muuguzi, alimjia mama yangu, mwalimu wa fizikia. Mama akamweleza kwamba waya ukifupishwa, upungufu wake hufidiwa kwa koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, na kadiri unavyokuwa mfupi ndivyo koili inavyohitaji mizunguko mingi. Alikaa barazani akipiga hesabu hadi chai ikapoa, kisha akazungusha waya kwenye vipande viwili vya paipu ya plastiki, mimi nikiuvuta usilegee.

Tulikuwa tumemaliza tu kuzifunga koili kwenye antena, jirani yetu Mama Mutheu alipoletwa kwa mkokoteni wa punda. Uchungu ulikuwa umemshika tangu asubuhi, na alikuwa akivuja damu. Sista akaita Kitui. Redio ikakoroma tu.

"Mwalimu, hiyo hesabu iko sawa?" akauliza kwa upole.

Mama aliitazama antena juu. "Nilihesabu koili zikiwa hapa katikati, waya wa redio unapoingia. Lakini nimezifunga kule mbali, katikati ya kila mkono wa antena. Kule zinataka mizunguko zaidi."

Aliteremsha antena, akachuchumaa, akahesabu upya kwa kijiti mchangani. Ndani, Mama Mutheu alikuwa akiguna. Nikaushika waya.

"Vuta, mwanangu," mama akasema. "Tuna muda."

Sijui kama aliamini hivyo. Tukaongeza mizunguko, tukaipandisha antena tena. Sista alipoita tena, sauti hafifu ikajibu: "Zombe, tunawasikia." Sista akaegemea ukuta, akafumba macho, kisha akaanza kueleza hali ya mgonjwa. Ambulensi ilifika kabla ya jua kutua, na baadaye Mama Mutheu akarudi kutoka Kitui amebeba mtoto wa kike.

Siku hizi naishi Wote, Makueni, na kumpata mama ni kubonyeza simu tu. Bado hujibu kwa kutaja jina lake kwanza, kisha hungoja nimalize kabisa ndipo aongee, kama kwenye redio. Wanangu humcheka. Mimi humaliza, kisha nikamsikiliza.