Elbert Nunley na Zulia la Redio

Elbert Nunley alianza kuogopa siku saa yake ya ukutani iliponyamaza. Aliishusha, akaifungua, akailaani, mpaka mkewe Odessa akapita na kusema, "Hiyo saa ni nzima, baba. Inakupigia kelele puani hapo, huisikii?" Elbert akautazama mshale wa sekunde. Kweli, ulikuwa unazunguka. Moyo ukampiga paa.

Na huyu, tafadhali, ndiye mtu ambaye sisi wa Mtaa wa Second, Oklahoma City, tulimwita mfalme wa swing, ule muziki wa jazi wa kuchezea dansi. Mama yake alifulia watu nguo huko Muskogee. Piano alijifunzia kanisani kwa kusikiliza tu. Karatasi za noti za muziki hakuzijua na hakuzitaka. Mwaka 1929 akakusanya wanaume kumi, wakanunua basi bovu, wakazunguka Kansas, Texas na Arkansas wakiwapigia weusi wenzao kwenye kumbi za mbao. Msidhani ilikuwa lelemama. Kulikuwa na miji ambayo jua likizama nawe mtu mweusi ukiwa bado umo, shauri yako. Elbert aliipita miji hiyo akipiga mluzi. Leo saa ya ukutani ndiyo ilimtetemesha.

Alikuwa na sababu. Nyimbo zao hazikuandikwa popote. Elbert aligusa kipande kifupi kwenye piano, wapiga saksofoni wakakidaka, tarumbeta zikajibu, wimbo ukazaliwa papo hapo. Urefu wake hakuna aliyeujua. Walizunguka na kuzunguka mpaka kiongozi ainue kidole kimoja: mzunguko wa mwisho huo, kisha basi. Sasa kiongozi asiyesikia atajuaje lini ainue kidole?

Akaanza ujanja. Akanunua viatu vya soli nyembamba ili sakafu ya mbao imletee miguuni mdundo wa ngoma za Roscoe Tillery, rafiki yake tangu utotoni. Akajifunza kutazama mabega ya wapiga saksofoni wakivuta pumzi, na kusoma midomo ya watu wakisema naye. Wenzake wakicheka, naye akacheka. Roscoe akimtania, "Wewe bwana, umeweka pamba masikioni?" yeye ndiye aliyecheka kuliko wote, huku jasho likimchuruzika kwapani. Aliishi hivyo miaka mitatu.

"Waambie," Odessa alimsihi.

"Nikiwaambia nimekwisha. Ukiniondoa pale kwenye piano, mimi ni nani?"

Mwaka 1937 ikaja habari kwamba bwana mmoja wa kampuni ya sahani za santuri, toka New York, atawasikiliza redioni saa sita mchana. Wakimpendeza, atawachukua. Vijana wakanunua tai mpya. Elbert akavaa vile viatu vyake vya soli nyembamba.

Alipoingia studio akakanyaga kitu laini. Zulia. Zulia nene toka ukuta mpaka ukuta, na mtangazaji akawa anawaonyesha kwa mikono wavue viatu, maana maikrofoni inanasa hata kishindo cha soli. Elbert akasimama na soksi zake, na chini hapakuja kitu. Alitaka kukimbia. Akakaa kwenye piano.

Wimbo wa kwanza aliuvusha kwa macho. Katika wa pili, mpiga tarumbeta Cleophus Wardlow alisimama kupiga peke yake, na mgongo wake mpana ukamficha Roscoe na ngoma zake. Elbert akapotea. Kwa hofu akainua kidole mapema mno. Bendi ikatii, ikapiga mzunguko wa mwisho, ikakoma. Yeye hakujua. Aliinamia piano akaendelea, peke yake, hewani, akipiga kwa nguvu zake zote. Alipoinua macho, tarumbeta zilikuwa zimelala mapajani na watu kumi wanamtazama.

Walirudi kwenye basi. Bendi yao ilikuwa ya ushirika: mkono mmoja kura moja, kiongozi na mpiga besi sawasawa, toka rangi ya sare mpaka nani afukuzwe. Elbert akaenda kukaa kiti cha nyuma. Cleophus alisimama mbele, akawapa mgongo makusudi, akasema akitazama kioo cha mbele cha basi, "Anayetaka Elbert aondoke bendini, anyooshe mkono."

Mikono kumi ikapanda, kama walivyokwisha kupatana koridoni. Elbert akaiona. Akadhani wanachagua pa kula. Akanyoosha wake upesi, akitabasamu.

Hakuna aliyecheka. Roscoe alifunika uso, kisha akaja akakaa mbele yake, akasema polepole ili midomo ionekane, "Tumeuliza kama uondoke. Ulikuwa mtego, kaka, tujue kama unasikia. Nisamehe." Akafuta macho. "Na yule wa New York amepiga simu pale studio. Anadhani kule kuendelea peke yako zilikuwa mbwembwe zako. Anatutaka wote."

Hofu ya miaka mitatu ikamtoka Elbert mbele za watu. Meno yaligongana, hakuweza kuyazuia.

Cleophus akageuka. "Sasa kura ya kweli," akasema, neno moja moja. "Nani anataka Elbert aondoke?"

Hakuna mkono uliopanda. Wengine waliikalia mikono yao kabisa. Elbert akawatazama mmoja mmoja, na zile tai mpya. Wangempeleka New York hivyohivyo, wangemficha, na siku moja wangechekwa wote kwa ajili yake. Hakuwa amewahi kuogopa namna hiyo. Akanyoosha mkono.

"Shusha huo mkono, mpumbavu wewe," Roscoe akasema, na Elbert akamsoma vizuri midomoni.

Hakushusha. Akaushika kiwiko kwa mkono wa pili usije ukaanguka. Akamkazia macho Roscoe, wala hakuyaondoa, mpaka Roscoe naye akanyoosha wake.